Ufagio Badala ya Bunduki: Sayansi ya Kumtambua Askari wa Zamani

Mji wa Kilosa umejengwa kando ya mto Mkondoa, mahali ambapo reli ya kati hutoka katika milima ya Usagara na kuelekea Morogoro. Mwezi wa Agosti mwaka 1916, majeshi ya upande wa Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali van Deventer yaliteremka kwa njia hiyo kutoka Dodoma na Mpwapwa, yakaingia Kilosa tarehe 22. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli, kisha wakaelekea kusini. Mwezi wa Septemba vita vilikuwa vimekwisha fika Kidodi, upande wa pili wa nyika ya Mikumi. Katika nyika hiyo, ambamo leo msafiri aendaye Iringa huwaona tembo na twiga kando ya barabara, walipita kwa miguu askari wa pande zote mbili. Na nyuma ya kila kundi la askari walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo wake wa kilo 25 hivi kichwani.

Sasa yafaa kujiuliza. Miaka 50 baadaye, mzee mmoja wa Kilosa anajitokeza mbele ya ofisa na kusema, "Bwana, nami nilikuwamo katika vita hivyo, na mshahara wangu sikumaliziwa." Hana cheti wala picha. Wenzake wamekufa. Jina alilopewa jeshini silo analojulikana nalo kijijini. Ofisa atajuaje kama mzee huyu asema kweli? Akimkubali kila ajaye, fedha zitakwisha kwa wasiostahili. Akimkataa kila asiye na karatasi, atamdhulumu mtu aliyekwisha dhulumiwa mara moja.

Swali hili laonekana kuwa la makarani tu. Kwa hakika ni swali la sayansi, maana linahusu kupima ushahidi; na njia zinazotumika kulijibu zinagusa elimu ya viumbe, kemia, historia na hesabu.

Habari ya ufagio

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani katika vita hivyo na kusalimu amri huko Abercorn, ambayo sasa yaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, alifariki mwezi wa Machi mwaka 1964. Katika mwaka huo Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara wale askari wake wa Kiafrika waliokuwa hai bado. Habari ya malipo hayo ilienezwa sana na kitabu cha Charles Miller kilichotolewa mwaka 1974. Yasimuliwa humo kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache mno walikuwa na vyeti vya mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Ndipo mwenye benki aliyeleta fedha alipopata wazo: kila mzee alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Habari hii imewafurahisha wasomaji wengi. Lakini mwanasayansi hatosheki na furaha. Hutaka kujua mambo mawili: kwanza, kwa nini jaribio kama hilo laweza kufaulu, pili, laweza kukosea wapi.

Kwa nini mikono haisahau

Kumbukumbu ya binadamu si ghala moja. Mtu anapokumbuka siku aliyoingia Kilosa, hutumia aina moja ya kumbukumbu. Anapoendesha baiskeli au kusuka mkeka, hutumia aina nyingine. Jambo hili lilidhihirika kwa mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Baada ya hapo hakuweza kuweka kumbukumbu ya tukio lolote jipya. Mtaalamu Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora umbo la nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Siku kwa siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ijapokuwa kila siku alidai kwamba hajapata kuliona zoezi hilo maishani mwake.

Ustadi wa viungo vya mwili hutunzwa katika sehemu za ubongo zisizo zile zinazotunza matukio, nao aghalabu hudumu hata uzeeni. Askari aliyefanyishwa gwaride kila alfajiri kwa miaka mitatu aweza kusahau jina la kamanda wake, lakini mkono wake ukasikia amri kabla ya akili kuitafsiri. Hivyo ufagio ulikuwa chombo kizuri cha upimaji.

Hata hivyo ulikuwa na kasoro. Baada ya vita ngoma ya Beni ilienea katika Tanganyika nzima, na vyama vyake mashuhuri viliitwa Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa sare, walipeana vyeo vya kijeshi na kupiga gwaride kwa safu. Kwa hiyo kijana ambaye hajapata kushika bunduki aliweza kujifunza mwendo wa askari uwanjani, akaukumbuka hadi uzeeni. Tena askari wa kweli aliyepooza mkono angeshindwa kuuinua ufagio. Jaribio moja, hata likiwa zuri namna gani, laweza kumpitisha asiyestahili na kumwangusha anayestahili.

Karatasi nayo huchunguzwa

Watu wengi hudhani kwamba cheti humaliza ubishi. Lakini cheti chaweza kughushiwa, au kikawa halali ila kimeangukia mikononi mwa mtu mwingine. Kwa bahati nzuri, karatasi na wino vina umri wake.

Tangu miaka ya 1950 viwanda vingi vya karatasi vimekuwa vikitia kemikali za kung'arisha. Karatasi ya namna hiyo ikimulikwa gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno, hung'aa kwa rangi ya samawati. Karatasi ya mwaka 1918 haina kemikali hizo. Cheti kinachodaiwa kuwa cha mwaka huo, nacho king'ae chini ya taa hiyo, kimejifichua chenyewe. Hali kadhalika, kalamu za bolpeni hazikuenea duniani kabla ya miaka ya 1940. Cheti cha Vita Kuu ya Kwanza kilichoandikwa kwa bolpeni hakihitaji mtaalamu wa pili.

Yafaa ikumbukwe, lakini, kwamba majaribio haya huweza kuthibitisha uongo kwa urahisi kuliko kuthibitisha ukweli. Karatasi isiyong'aa yaonyesha tu kwamba karatasi ni ya zamani. Haimtambulishi mzee aliyeishika.

Alama za vidole

Kuhusu mtu mwenyewe, alama za vidole zimekuwa msaada mkubwa. Mistari ya ngozi ya vidole huumbika mtoto akiwa tumboni mwa mama, wala haibadiliki maisha yote. Hata pacha wanaofanana kabisa huwa na mistari tofauti. Mistari hiyo huwa ya namna kuu tatu: kitanzi, ambacho hupatikana katika vidole 60 hadi 70 kwa kila 100, mzunguko, ambao hupatikana katika 30 hivi, na tao, ambalo ni nadra. Francis Galton aliandika kitabu juu ya elimu hii mwaka 1892. Huko Bengal, Uhindi, Edward Henry pamoja na wasaidizi wake Azizul Haque na Hemchandra Bose walibuni njia ya kuzipanga alama hizo ili ziweze kutafutwa upesi katika majalada. Mwaka 1901 polisi wa London wakaanza kuitumia. Katika Kenya ya ukoloni alama za vidole zilitiwa katika kipande, ile hati ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nayo shingoni tangu mwaka 1920 hivi.

Pamoja na sifa zake zote, alama ya kidole hujibu swali moja tu: je, mtu huyu ndiye yule aliyebonyeza kidole chake siku ile? Kama hakuna aliyeichukua alama siku ile, hakuna cha kulinganisha. Tena mtu aliyelima kwa jembe la mkono miaka 40 huenda mistari yake imelika. Sayansi hii huwatumikia wale tu walioandikwa.

Masimulizi na kalenda ya matukio

Iwapo hakuna karatasi wala alama, hubaki maneno ya mdai mwenyewe. Maneno nayo hupimika, mradi muulizaji ajue historia na jiografia ya mahali.

Jambo la kwanza ni umri. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa huulizwa kwa kufuata kalenda ya matukio, njia ambayo hata makarani wa sensa wameitumia. Je, Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, vilimkuta akichunga mbuzi, au alikuwa hajazaliwa? Je, alikuwa mkubwa kiasi gani reli ilipofika Kilosa? Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Basi jibu lake hupata mipaka. Aliyekuwa akinyonya reli ilipofika Kilosa hakuweza kubeba bunduki mwaka 1916.

Jambo la pili ni kulinganisha habari na matukio yanayojulikana. Mdai akisema kwamba mwezi wa Agosti 1916 alisafiri kwa garimoshi kutoka Mpwapwa moja kwa moja hadi Kilosa pamoja na Waingereza, pana shaka, maana madaraja yalikuwa yamevunjwa. Lakini muulizaji naye ajihadhari. Mzee akisema, "Tuliivuka Hifadhi ya Mikumi usiku," asihukumiwe mwongo kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Kila mtu huliita pahali kwa jina analolitumia siku anayosimulia. Jina jipya katika habari ya zamani si uongo. Tukio jipya katika habari ya zamani ndilo lenye mashaka.

Jambo la tatu ni kutofautisha yale yanayofundishwa na vitabu na yale yanayofundishwa na kuwapo. Mfano mzuri hutoka katika Vita Kuu ya Pili, ambamo watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliandikishwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru begani, ilipigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, kisha ikafika kwenye mto Chindwin hapo Kalewa. Majina hayo mtu aweza kuyasikia kilabuni. Lakini akiulizwa hali ya njia ilivyokuwa, aliyekuwapo ataanza na matope, kwa kuwa divisheni ilisonga mbele wakati wa mvua za masika ya nchi ile, na magari yalizama hata ikabidi njia itandikwe magogo. Muulizaji mwema haulizi, "Je, kulikuwa na matope?" kwani swali la namna hiyo humfundisha mdai jibu. Huuliza, "Mlisafiri vipi?" kisha hunyamaza.

Hesabu ya makosa mawili

Hadi hapa imeonekana kwamba kila jaribio lina kasoro. Je, kasoro hizo zaweza kupunguzwa? Hesabu hujibu. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba wadai ni 1,000. Kati yao 200 ni askari wa kweli, na 800 si wa kweli. Na ichukuliwe pia kwamba jaribio moja huwapitisha 90 katika kila askari 100 wa kweli, na kwa makosa huwapitisha 10 katika kila 100 wasio wa kweli.

Katika jaribio moja watapita askari wa kweli 180 na wasio wa kweli 80. Jumla ni 260. Kwa hiyo karibu theluthi moja ya waliolipwa hawakustahili, na askari 20 wa kweli wamerudishwa nyumbani mikono mitupu.

Ofisa aliyeona hivyo huweza kusema, "Basi kila mmoja na ashinde majaribio mawili." Iwapo majaribio hayo hayategemeani, watapita wa kweli 162 na wasio wa kweli 8 tu. Hazina imehifadhika, lakini waliodhulumiwa sasa wameongezeka kutoka 20 hadi 38. Kila kizuizi kinachoongezwa mlangoni humzuia mwongo, nacho humzuia pia mkweli.

Iko njia ya tatu. Yawekwe majaribio matatu, na anayeshinda mawili yoyote akubaliwe. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba wa kweli watakaopita ni 194, na wasio wa kweli ni 22. Kwa hiyo katika kila watu 10 waliolipwa, 9 walistahili. Na waliodhulumiwa ni 6 tu. Mzee aliyepooza mkono akaushindwa ufagio bado aweza kuokolewa na masimulizi yake pamoja na kipande cha sare yake.

Sharti la hesabu hii ni kwamba majaribio yasitegemeane. Mashahidi watatu walioketi pamoja usiku kucha wakikubaliana la kusema ni shahidi mmoja tu mwenye vinywa vitatu.

Wale ambao ufagio hauwajui

Yarudiwe sasa yale makundi yaliyopita kati ya Kilosa na Kidodi. Askari walikuwa na namba na gwaride. Nyuma yao walikuwako wapagazi, ambao kwa upande wa Waingereza peke yao walifikia mamia ya maelfu katika vita vyote. Kumbukumbu rasmi zinataja vifo vyao zaidi ya 40,000, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao, likitokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho.

Mpagazi hakufundishwa gwaride. Ukimpa ufagio, atafagia. Jina lake, kama liliandikwa, liliandikwa na karani asiyejua lugha yake. Na mtu mmoja huweza kuwa na jina la baba, jina la utani na jina la dini, kila moja kwa wakati wake. Kwa sababu hiyo mishahara ya wengi waliokufa haikulipwa, maana jamaa zao hawakupatikana. Wanawake waliofuatana na askari safari nzima, wakipika na kuuguza, hawakuandikwa kwa kadiri hata hiyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Hapa ndipo mpaka wa uhakiki unapoonekana. Hakuna jaribio la maabara liwezalo kurudisha orodha ambayo haikuandikwa. Nao wakati haungoji mtu. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, baada ya mashauri yaliyosaidiwa na majalada yaliyokuwa yamefichwa Uingereza hadi mwaka 2011. Lakini dai jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 lilikataliwa na mahakama ya London mwaka 2018, na sababu kubwa ilikuwa kwamba muda mrefu mno ulikuwa umepita. Ushahidi huoza kama nafaka isiyoanikwa.

Askari na wapagazi wa mwaka 1916 wamekwisha kufa wote. Lakini vijana waliokwenda Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, wakiwamo wanamgambo wengi waliotoka mashambani, sasa ndio wazee wa vijiji. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 alizaliwa mwaka 1959. Habari zake zaweza kuandikwa wakati angalipo, na wenzake wa kuthibitisha wangalipo.

Kazi ya darasani

1. Paka unga wa risasi ya penseli kwenye karatasi, gusa kwa ncha ya kidole, kisha bandika juu ya kidole utepe angavu wa gundi na uuhamishie kwenye karatasi nyeupe. Darasa lihesabu vitanzi, mizunguko na matao ya vidole vyote, kisha lilinganishe na viwango vilivyotajwa hapo juu.

2. Rudia hesabu ya majaribio matatu, lakini sasa jaribio liwapitishe 80 katika kila 100 wa kweli, na 20 katika kila 100 wasio wa kweli. Ni askari wangapi wa kweli watakaodhulumiwa? Je, inafaa kukubali anayeshinda jaribio moja tu kati ya matatu?

3. Tengenezeni kalenda ya matukio ya kijiji chenu kuanzia mwaka 1960: mafuriko, njaa, kujengwa kwa shule, kuhamia kijiji kipya, vita. Kisha, kwa ruhusa ya mzee mmoja na kwa adabu ipasayo, mwandikieni habari za ujana wake. Andikeni majina yake yote, pamoja na tarehe na mahali pa mazungumzo. Msomeeni mlichoandika, naye asahihishe. Nakala moja apewe yeye, na ya pili itunzwe katika maktaba ya shule.